Uchungu wa Muhogo na Wadudu Wake katika Nchi ya Rufiji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, akiisha kupita Mkuranga na kuingia Kibiti, huona pande zote mbili za njia mikorosho, minazi na mashamba ya muhogo katika ardhi ya kichanga. Kibiti ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji hata mwaka 2015 ilipofanywa wilaya peke yake, na sehemu kubwa ya delta, pamoja na visiwa na mikoko yake, imo humo sasa. Katika mabonde ambamo maji hupanda na kushuka mpunga ndio mfalme. Muhogo hauvumilii kukaa majini, nao ni zao la miinuko. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi wa bondeni wakakae juu, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu tena mashamba ya bondeni katika Rufiji na Kibiti. Bonde likikosa kutoa chakula, muhogo wa mchangani huwa tegemeo, kwa kuwa waweza kuachwa ardhini miezi mingi ukangojea siku ya haja.

Lakini kitu kiachwacho ardhini miezi mingi, tena chenye wanga mwingi, hapana budi kiwe na ulinzi wake. Nguruwe mwitu, nyani, panya na wadudu wa kila namna wangalikimaliza mara moja. Ulinzi wa muhogo umo katika jambo ambalo Kiswahili hulitaja kwa neno moja tu, uchungu. Makala haya yahusu uchungu huo: umefanywaje ndani ya mmea, wadudu huukabili kwa hila gani, na maneno ya Kiswahili yahusuyo utengenezaji wa muhogo yanaueleza kwa usahihi wa kadiri gani.

Kwanza neno lenyewe. Watu wa pwani hugawanya muhogo mafungu mawili, muhogo mtamu na muhogo mchungu. Hawasemi muhogo mkali, ingawa -kali ndilo neno la ladha iumizayo ulimi, la makali ya kisu na la mbwa aumaye. Neno -chungu ni la ladha ya dawa na la ladha ya nyongo, na jina lake, uchungu, ni pia maumivu ya mama azaaye na huzuni ya moyo. (Chungu cha kupikia na chungu aliye mdudu ni maneno mengine yaliyofanana kwa sauti tu, ingawa mwanafunzi wa lugha apitaye shambani huweza kuyakuta yote matatu mahali pamoja.) Jambo la kuangalia ni kwamba jina la kale la muhogo huo ni mchungu, wala si wenye sumu. Sumu ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo likitajwa hufahamika kwamba kitu chenyewe kimo tayari, kama nyoka alivyo na sumu katika jino. Siku hizi mara nyingi husikika kwamba muhogo mchungu una sumu, au kwamba una sianidi. Kwa mujibu wa elimu ya kemia, maneno hayo si sahihi, na kosa lake si la wenye kamusi peke yao.

Muhogo mzima, usiokatwa wala kung'atwa, kwa kweli hauna sianidi huru. Una kitu kiitwacho linamarini, na pamoja nacho kidogo cha ndugu yake lotaustralini, ambayo haifiki hata sehemu moja katika kumi ya jumla. Jina la linamarini lilitungwa kwa maneno mawili ya Kilatini, moja la kitani na moja la uchungu, kwa kuwa ilijulikana kwanza katika mmea wa kitani. Hivyo wanakemia wa Ulaya na wakulima wa pwani, bila ya kuulizana, waliangukia wazo moja. Molekuli ya linamarini ni sukari ya glukosi iliyofungwa na kipande kingine chenye kaboni na nitrojeni pamoja, nacho ndicho kiwezacho kutoa sianidi. Maadamu sukari imeshikamana nacho, kipande hicho kimetulia, hakimdhuru mtu wala mmea.

Mmea huitengeneza linamarini zaidi katika majani, ukianzia asidi amino iitwayo valini, kisha huipeleka chini mizizini. Huiweka katika vakuoli, yaani kile kifuko cha maji kilicho ndani ya seli. Kimeng'enya kiwezacho kuikata, kiitwacho linamaresi, hakiwekwi humo. Kimewekwa nje, katika kuta za seli na katika mirija ya utomvu mweupe. Basi ndani ya jani moja mna baruti na mna moto, lakini vimetengwa kwa ukuta, na ukuta huo ni mwembamba kuliko unywele. Mwenye kuuvunja ukuta ndiye awashaye.

Panzi atiapo meno katika jani hupasua seli kwa maelfu. Papo hapo linamarini hukutana na linamaresi, sukari huondolewa, na kitu kibakicho hupasuka kwa urahisi kikatoa asetoni na gesi ya haidrojeni sianidi. Katika majani kimo kimeng'enya cha pili cha kuharakisha kazi hiyo. Katika mizizi kimeng'enya hicho ni haba sana, na tofauti hii ina matokeo makubwa jikoni, kama itakavyoonekana. Gesi hiyo huingia katika seli za panzi na kushika protini moja ya mitokondria ambayo kwayo kila kiumbe avutaye hewa huitumia oksijeni. Ikishikwa protini hiyo, mwili hukosa nguvu ingawa hewa iko tele. Mdudu huonywa kabla ya kufa. Utafiti uliofanywa Nigeria katika miaka ya 1970 juu ya panzi wa jamii ya Zonocerus ulionyesha kwamba watoto wa panzi huyakataa majani mabichi ya muhogo, kwa sababu ya sianidi itokayo wanapouma, lakini huyala yaliyonyauka, ambayo hutoa gesi kidogo zaidi. Panzi wa Afrika ya Mashariki, Zonocerus elegans, mwenye rangi nyingi na harufu mbaya, ni wa ukoo huo huo, naye pia hula muhogo.

Adui mwenye madhara zaidi haumi. Inzi mweupe, Bemisia tabaci, ana urefu wa milimita moja tu, na kwa kweli si inzi bali ni jamaa wa vidukari. Hukaa chini ya jani, akaingiza mrija mwembamba kuliko uzi wa buibui, akaupenyeza baina ya seli na seli bila ya kuzivunja ila chache, mpaka afike katika floemu ipitayo utomvu wa sukari. Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba kwa hila hiyo huipita silaha ya muhogo bila ya kuiwasha, mfano wa mwizi aingiaye nyumba kwa tundu la ufunguo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sivyo kabisa. Silaha huwashwa, japo kidogo. Sianidi hutoka, na inzi huigeuza kuwa kitu kisicho na madhara. Lakini ustadi wake mkubwa ni kuizuia linamarini kabla haijakatwa. Huchukua glukosi kutoka katika sukari ya mmea wenyewe, aliyokwisha kuinyonya, akaiongeza juu ya linamarini, mara moja, mara mbili, hata mara nne. Kadhalika huitia fosfati. Linamarini iliyovikwa hivyo hailingani tena na linamaresi, kama kufuli iliyojazwa nta. Hupita tumboni na kutoka ikiwa nzima. Mdudu huyu, kwa maneno mengine, huushinda uchungu kwa kuuzidishia sukari.

Madhara yake si ya kunyonya tu. Ndiye achukuaye virusi vya batobato, ambayo iliandikwa kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894 kutokana na mimea ya Usambara, na ndiye pia achukuaye virusi vya michirizi ya kahawia, iliyoelezwa na Storey wa kituo cha Amani mwaka 1936. Ugonjwa huu wa pili una hila kama mchukuzi wake. Majani huweza kuonekana ya afya kiasi, na mkulima asijue msiba wake mpaka siku ya kung'oa, akikuta nyama ya muhogo imeoza vipande vya rangi ya kahawia. Ilishukiwa tangu zamani kwamba inzi mweupe ndiye mwenye kosa, lakini ushahidi wa majaribio haukupatikana hata mwaka 2005. Ugonjwa huo ulikuwa wa nchi za chini za pwani kwa miongo mingi, na mihogo ya huko imeishi nao. Mbegu iitwayo Kiroba, ya pwani ya Tanzania, ni mojawapo ya zile zinazouvumilia. Virusi, ieleweke, havijali uchungu hata kidogo. Huingizwa moja kwa moja katika floemu.

Mmea hauna silaha moja tu. Katika mimea mingi jeraha la kutafunwa huamsha asidi iitwayo jasmoniki, ambayo hupeleka habari kutoka jani hadi jani ili vitu vya kujihami vitengenezwe. Jina lake limetokana na yasmini, ua lile lile lisukwalo vikuba na wanawake wa pwani, kwa kuwa jamaa mmoja wa asidi hiyo alipatikana kwanza mwaka 1962 katika mafuta ya yasmini. Wadudu wanyonyao huamsha njia nyingine, ile ifaayo dhidi ya vijidudu vya magonjwa, na njia hizi mbili huzuiana. Katika majaribio ya mimea mingine imeonekana kwamba inzi mweupe hufaidika na ugomvi huo: mmea hujiandaa kwa adui asiyekuwapo, na mlango wa adui aliyepo ukabaki wazi.

Lakini kuna mdudu mmoja mnyonyaji ambaye muhogo ulimshinda kwa msaada wa jirani. Kidung'ata wa muhogo, Phenacoccus manihoti, alitoka Amerika ya Kusini na kuonekana Kongo mwaka 1973, akaenea Afrika nzima ya muhogo, na Tanzania ikafikiwa katika miaka ya 1980. Hans Herren na wenzake wa taasisi ya kilimo iliyoko Ibadan walileta kutoka Paraguay nyigu mdogo sana, atagaye mayai ndani ya mwili wa kidung'ata. Jaribio la mwaka 1987 lilionyesha kwamba nyigu jike huvutwa na harufu ya muhogo ulioshambuliwa, hata na jani la mmea huo ambalo lenyewe halina kidung'ata. Mmea ulioumwa hutoa hewani molekuli ambazo mmea mzima hauzitoi, na nyigu huzifuata kama mgeni afuataye harufu ya chakula.

Inafaa kushuka hapa mpaka delta yenyewe, kwa kuwa huko mimea imeshika njia nyingine kabisa. Mikoko ya Rufiji ni msitu mkubwa kuliko misitu yote ya namna hiyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wenye hekta 50,000 na zaidi. Mkoko na mkandaa havitengi silaha zao vyumba viwili. Magome na majani yao yamejaa tanini, ambayo iko tayari wakati wote, na ambayo kazi yake ni kushikamana na protini. Mdudu alapo jani hilo, tanini hufunga protini ya chakula na vimeng'enya vya tumbo. Na katika viwavi wengi, ambao tumbo lao lina hali ya kibesi na si ya asidi, tanini huungua na kutoa vitu viumizavyo utumbo. Jambo hili la kushika protini ndilo alitakalo mtengenezaji wa ngozi, na ndiyo maana magome ya mikoko ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo tangu zama za Wadachi, na mkandaa ukapata katika kamusi maana ya rangi nyekundu pamoja na maana ya mti. Ladha ya tanini, kwa hakika, si chungu. Hukausha na kukunja ulimi, kama ndizi mbichi, nayo Waswahili huiita ukakasi. Lugha imetenga molekuli mbili za namna mbili kwa maneno mawili, bila ya msaada wa maabara.

Silaha ya muhogo ikiwa imetengwa vyumba viwili, mwanadamu naye amejifunza kuiwasha kabla ya kula, mahali ambapo haitamdhuru. Yafuatwe matendo yenyewe katika lugha. Muhogo humenywa, na ganda, ambalo katika mbegu nyingi lina linamarini kuliko nyama, hutupwa. Kisha hukunwa, au huroweka siku kadhaa, au huvundikwa, au hukatwa na kuanikwa ukawa makopa, ndipo utwangwe uwe unga wa bada. Kukuna na kutwanga ni kuvunja kuta za seli, kama meno ya panzi. Kuroweka na kuvundika ni kuwaachia vijidudu vya kuchacha kazi hiyo hiyo polepole. Kuanika ni kuiacha gesi iende zake, na haidrojeni sianidi huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, ambalo mchana wa Kibiti hulipita kwa urahisi. Kisamvu kadhalika. Mwanamke atwangaye majani ya muhogo mpaka yalainike kabisa hafanyi hivyo kwa ajili ya ulaini tu. Jani lina linamaresi tele na lile kimeng'enya la pili, na mchi ukifanya kazi yake vema, gesi huisha kutoka kabla ya nazi kutiwa chunguni.

Si njia zote zilizo sawa. Makopa yaliyoanikwa tu hubakiza robo hadi theluthi ya linamarini yote, kwa kuwa kipande kikavu huacha seli nyingi nzima. Yaliyovundikwa hubakiza kama nusu ya hiyo. Njia mbaya kuliko zote kwa muhogo mchungu ni kuuchemsha upesi ukiwa vipande vikubwa. Moto huua linamaresi, lakini linamarini haidhuriki kwa moto wa jikoni, basi hubaki katika chakula isipokuwa ile iliyoyeyuka majini. Ikiisha kuliwa, vijidudu vya utumbo wa mtu huweza kuikata. Silaha iliyokosa kuwaka chunguni huwaka tumboni.

Mwili wa binadamu una kinga yake. Kimeng'enya cha ini huunganisha sianidi na salfa ikatoka katika mkojo, na salfa hiyo hupatikana katika asidi amino za samaki, nyama na kunde. Alaye bada kwa kamba au kwa samaki wa delta ana akiba. Alaye bada kwa chumvi hana. Ukame ukizidi, mambo mawili hutukia pamoja: mmea huzidisha linamarini, na watu hufupisha siku za kuroweka kwa sababu ya njaa. Ndipo hutokea ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafula na daima, uitwao konzo, jina ambalo Trolli aliliandika mwaka 1938 kutoka lugha ya Kiyaka ya Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Umeonekana Tarime, na mwanzoni mwa karne hii Mbinga na Mtwara. Katika mkoa wa Mtwara watafiti wa Tanzania, pamoja na Bradbury wa Canberra, walifundisha njia nyepesi. Unga wa makopa hutiwa maji, hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha husongwa ugali siku hiyo hiyo. Maji huamsha linamaresi iliyolala katika unga, na linamarini hupungua ikabaki theluthi au hata moja ya sita.

Hapa ndipo neno sumu linapopoteza watu. Mwenye kuambiwa kwamba muhogo una sumu hufikiri habari ya kitu cha kuoshwa au cha kuuawa kwa moto, na moto ndio usiofaa. Mwenye kuambiwa kwamba sumu huzaliwa muhogo ukipondwa, kisha hupaa, ataelewa mara moja kwa nini mama zake walikuna, wakavundika na kuanika, na kwa nini haikufaa kuharakisha. Ladha nayo si shahidi kamili. Kwa kawaida muhogo mchungu zaidi una linamarini zaidi, lakini mwaka 1995 King na Bradbury waligundua katika ganda kitu kingine chenye uchungu kisichotoa sianidi hata kidogo. Na kipimo cha kimataifa cha unga, miligramu 10 kwa kilo, ulimi hauwezi kukipima. Kwa hiyo mwandishi wa vitabu vya mafunzo angefanya vema kuliacha neno uchungu kwa ladha, kutumia sumu kwa ile gesi tu, na kwa linamarini yenyewe kutumia jina lake.

Kuna waliofikiri kuimaliza shida kwa kuuondoa uchungu katika mbegu. Mkulima wa miinuko apakanaye na nguruwe mwitu ana haki ya kushangaa, kwa kuwa sababu mojawapo ya watu wa nchi nyingi za Afrika kupanda muhogo mchungu ni hiyo hiyo, kuwachosha wanyama na wezi. Lakini jambo lililoonekana katika maabara lilikuwa jingine. Mwaka 2003 Siritunga na Sayre, wakifanya kazi Ohio, Marekani, walizima katika majani jeni za kuanzishia linamarini, na mizizi ya baadhi ya mimea yao ikabaki na sehemu moja tu katika mia ya linamarini ya kawaida. Mimea hiyo iliwekwa katika chakula cha chupa. Palipokuwa na amonia iliota kama mingine; ilipoondolewa amonia, haikuweza kutoa mizizi. Linamarini, pamoja na kuwa silaha, inaonekana kuwa mzigo wa nitrojeni ambao majani huupeleka chini ili mizizi ijengwe, na mchanga wa Kibiti si udongo wenye nitrojeni nyingi.